Maziwa Mawili ya Somoe

Kulikuwa na nchi, na mpaka leo ipo pale pale, isipokuwa jina lake halitajwi kwa sababu fomu za kuomba ruhusa ya kulitaja zimekwisha na anayezichapa yuko likizo. Nchi hiyo ilikuwa na amani, ilikuwa na wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ilikuwa na Amri ya Staha.

Amri ya Staha ilizaliwa bungeni. Mbunge mmoja, akichangia hoja ya chanjo, alitaja matiti mara nne, na mara ya nne akaonekana anafurahi. Mtukufu Kiongozi, aliyekuwa akisikiliza redioni huku anakula papai, aliweka kijiko chini. Kesho yake ikatangazwa kwamba viungo vyote vya mwili visivyoonekana mtu akiwa amevaa koti havitatajwa tena katika karatasi, ofisi, wala mkusanyiko wa watu zaidi ya watatu. Kila kiungo kikapewa jina la heshima. Makalio yakaitwa makao. Matiti yakarudishiwa lile jina walilolitumia bibi zetu wakiona haya: maziwa. Atakayekosea, miezi sita jela au kufagia uwanja wa taifa, na uwanja ulikuwa mkubwa.

Watu wakazoea, maana watu wa nchi hiyo walikuwa hodari wa kuzoea. Mzee mmoja aliyeotwa na jipu kwenye makao alielekezwa Makao Makuu ya Chama. Alipokewa vizuri, akakaribishwa kiti. Alipokataa kukaa wakamwandika mpinzani. Zaidi ya hapo halikutokea tatizo lolote.

Humo ndimo alimoishi Somoe, fundi cherehani wa soko la Vibandani, darasa la saba kamili, mkono mwepesi, mdomo mzito. Alikuwa mtu wa kutazama. Mteja akiingia, kabla hajaketi, Somoe ameshajua kiuno chake, ameshajua na kiuno ambacho mteja mwenyewe atadai ni chake, na alikuwa na subira ya kushona gauni litakaloenea vyote viwili bila kumuaibisha mtu. Ila kujitazama yeye mwenyewe, hapo alikuwa mvivu.

Ndiyo maana ilipofika harusi ya mdogo wake, alijishonea gauni bila kujipima. Alichukua daftari la zamani, akakuta vipimo vyake vya usichana, akasema moyoni: mimi si ninajijua? Tangu vipimo vile viandikwe alikuwa amezaa watoto watatu na kuwanyonyesha miaka miwili kila mmoja, kama alivyoelekezwa kliniki, bila kudai likizo hata siku moja. Hilo halikumjia akilini. Alikata, akashona, akapiga pasi, akalivaa palepale kibandani nyuma ya pazia.

Kifuani alikuwa ameshona vyumba viwili vizuri sana vya ghorofani, vyenye hewa na mwanga. Wapangaji hawakuwemo. Aliwatafuta kwa mkono, akawakuta chini kabisa, karibu na mkanda, wamelala.

Mwajabu, shoga yake anayeuza vitenge kibanda cha pili, alichungulia.

"Shoga, hilo gauni unamshonea nani?"

"Nimejishonea mimi."

"Wewe wa mwaka gani?"

Somoe alicheka mpaka akaegemea cherehani. Alikuwa mwepesi wa kujicheka, ilimsaidia kuwawahi wengine. Lakini alipofika nyumbani alifunga mlango, akasimama mbele ya kioo cha kabati, akayanyanyua kwa viganja akaona yalipokuwa, akayaachia akaona yalipo. Akarudia mara tatu, kama mtu anayejaribu swichi ya taa iliyoungua. Hakutaka ya msichana. Msichana na yake, Mungu amzidishie. Alitaka siku moja avae blauzi bila kwanza kuyakunja na kuyapanga kama nguo za kuweka kabatini.

"Mbona mimi sijalalamika?" akasema mumewe, Shaweji, mchoraji wa vibao, mtu mpole mwenye rangi ya samawati kwenye nyusi.

"Hujaulizwa, baba."

*

Hospitali kulikuwa na daktari mwenye sauti ya kubembeleza.

"Kazi ya kuinua maziwa, mama, ni milioni sita. Kwa yote mawili."

"Na moja?"

"Nne."

"Kwa nini si tatu?"

"Wanaoinua moja hurudi wiki ya pili wanalia, na kubembeleza nako ni kazi."

Somoe alikuwa na milioni moja na laki mbili, alizoweka miaka minne kwa ajili ya mashine ya ovaloki, ile ya kufunga pindo ili nguo isichanue nyuzi. Alipiga hesabu akiwa ameketi pale pale. Milioni sita ilikuwa ovaloki tatu na kiti cha kuzunguka. Alijiona akiwa na kifua kilichosimama wima, ameinamia cherehani kuukuu inayokohoa, na hakuna anayekiona isipokuwa hiyo cherehani. Akainuka.

"Ngoja, mama," daktari akasema. "Sheria inasema serikali itakarabati chochote kilichochakaa kwa kulitumikia taifa. Kuna dereva wa Mtukufu alifanyiwa mgongo. Watoto watatu si taifa?"

"Ni taifa, daktari. Tena lenye kelele."

Basi akapewa Fomu ya Ukarabati. Aliijaza kwa mwandiko wake wa mviringo wa darasa la saba, akichunga sana asivunje Amri: *Naomba msaada wa kuinua maziwa yangu mawili, ambayo yalikuwa yamejaa na kupendeza, lakini sasa yamekauka na kushuka baada ya kutumiwa kwa miaka sita mfululizo.*

Aliisoma tena, akaona hakuna neno hata moja la kumpeleka uwanjani na ufagio. Akaifunga kwenye bahasha.

*

Hapa inafaa kueleza jambo dogo kuhusu nchi hiyo. Ilikuwa na Wizara ya Maziwa na Mabwawa. Wizara ilikuwa na waziri, wakurugenzi tisa, boti mbili na sare za wanamaji. Kitu ambacho haikuwa nacho ni ziwa. Hata bwawa halikuwepo, ukiacha lile la mvua nyuma ya stendi. Kwa miaka thelathini na moja wizara ilikuwa inasubiri, na subira yake ilikuwa kwenye bajeti.

Karani wa Ukarabati, Bwana Mkeyenge, aliisoma fomu ya Somoe mara ya kwanza ameketi. Mara ya pili alisimama.

"Mama, haya maziwa ni yako?"

"Ni yangu, kaka."

"Umenunua au umerithi?"

Somoe akafikiri. Bibi yake mzaa baba alikuwa nayo hivi hivi. "Nimerithi."

"Yako upande gani?"

"Moja kulia, moja kushoto."

"Yanalingana?"

Akaona haya, lakini chini ya fomu alikuwa amekwisha kuapa kusema kweli. "La kushoto limezidi kidogo."

"Yamekauka lini?"

"Mwezi wa nne."

"Nani walikuwa wakiyatumia?"

"Watoto."

"Bila kibali?"

"Kaka, ukiwanyima wanalia."

Mkeyenge akaandika: *Wakazi wanayategemea kwa machozi.* Akameza mate. "Na samaki?"

"Dagaa," akasema Somoe. "Nilikuwa nakula dagaa sana wakati ule, wanaongeza."

"Dagaa wapo," akaandika. "Kuna mtu mwingine mwenye maslahi?"

"Mume wangu."

"Yeye hufanya nini huko?"

Somoe akatazama dari. "Hupita tu."

*Utalii*, akaandika Mkeyenge.

Somoe aliondoka akimsifu mtu yule moyoni. Hajawahi kuona karani anayeweza kuuliza mambo ya ndani kiasi kile, kwa utaratibu, bila kumtazama mtu hata mara moja. Aliona kweli Amri ya Staha imefanya kazi.

*

Wiki tatu baadaye Mwajabu alikuja mbio kibandani, redio mkononi, mtandio umemdondoka.

"Shoga! Shoga, umetangazwa!"

Sauti ya Mheshimiwa Kihulula, Waziri wa Maziwa na Mabwawa, ilikuwa inapanda na kushuka: "...kwa miaka thelathini na moja maadui zetu wametucheka! Wakasema, hawa wana Wizara ya Maziwa na ziwa hawana! Ndugu wananchi, leo nasema: tunayo mawili! Nimeyapa majina ya mzalendo aliyejitokeza kwa hiari kuyakabidhi kwa serikali. Lile la kushoto litaitwa Somoe Kubwa. La kulia litaitwa Somoe Ndogo. Bunge limeidhinisha bilioni tisa kuyainua!"

Soko lilipiga makofi. Mwajabu alimtazama Somoe usoni, akashuka taratibu mpaka kifuani, akarudi usoni.

"Bilioni tisa," akasema. "Mwenzangu, hebu nami niambie unakula nini."

Somoe alikuwa ameshika mkasi na hakumbuki alitaka kukata nini. Aliipitia ile fomu neno kwa neno kichwani, akapitia maswali, dagaa, kibali, na alipofika kwa mumewe anayepita tu, akajifunika uso kwa kitambaa cha mteja.

Nyumbani Shaweji alikuwa amekwisha kusikia. "Wamesema watapandikiza vifaranga wa samaki milioni moja," akamwambia. "Na boti mbili."

"Nimesikia."

"Boti za injini, Somoe."

*

Alikwenda kwa Mkeyenge kurekebisha mambo. Mkeyenge sasa alikuwa na kiti cha ngozi.

"Kaka, maziwa niliyoyaandika siyo hayo mliyoyasikia."

"Kwani kuna mengine?"

"Ni haya haya mawili. Ila si ya... si ya kuogelea." Alitafuta neno, akakuta maneno yote mazuri yamekwisha, limebaki lile moja la miezi sita. Mlangoni alikuwepo askari, na ndani walikuwa makarani wawili. Yaani wote pamoja walizidi watatu. Akafanya kitu pekee ambacho Amri haikukitaja. Akajitazama, kisha akamtazama Mkeyenge, kisha akajitazama tena.

Mkeyenge akafuata yale macho. Akaitazama fomu. Akamtazama Somoe. Jasho likaanza kumtoka kwenye masikio, mahali ambapo watu hawatoki jasho.

"Watoto," akanong'ona.

"Watatu."

"Na mume."

"Hupita tu."

Akawatoa wenzake nje, akafunga mlango. "Mama, sikiliza. Hili jambo limeshapita bungeni, wakasimama, wakaimba. Kamati ya Kina, watu kumi na wawili, wako ng'ambo wiki ya pili hii wanajifunza ziwa linafananaje. Ukisema kweli, umelivunjia heshima Bunge zima kwa kiungo. Ukisema ulidanganya, umeidanganya serikali. Zote mbili zina jela, tofauti yake ni chakula."

"Sasa nifanyeje, kaka?"

Mkeyenge alizunguka meza mara mbili. Halafu akasimama, akatabasamu kama mtu aliyeona funguo zake kwenye mfuko ambao alishaupekua.

"Wewe uliomba kuinuliwa maziwa?"

"Ndiyo."

"Bilioni tisa ni za nini?"

"Kuinua maziwa."

"Basi. Ninalipa hospitali milioni sita zako, halali kabisa, kwenye fungu lake. Kwa kweli, mama, katika mradi mzima hiyo ndiyo shughuli pekee itakayofanyika."

Somoe alihisi moyo wake unapiga hatua mbili mbele. Akauzuia. Alikuwa ameshona nguo za maofisa miaka mingi na alijua hawakosi mfuko wa ndani. "Na mimi nitoe nini?"

"Hakuna kitu. Sahihi tu." Akakohoa. "Na ukaguzi. Kila robo mwaka, kwa miaka kumi, Kamati ya Kina itakuja na mti wao wenye namba, ule wa kupimia kina cha maji, kupima kama yamebaki juu."

"Wote kumi na wawili?"

"Kuna posho. Hatabaki mtu nyuma."

*

Bei ya milioni sita Somoe alikuwa ameielewa. Hii ya bure ndiyo iliyompa taabu. Siku nne alishona huku anaipima. Aliwaona watu kumi na wawili wamepanga foleni uani kwake, na mti wenye namba, na mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anaandika, na watoto wa jirani juu ya ukuta. Mara arobaini kwa miaka kumi. Halafu alifikiri habari ya blauzi. Alicheka peke yake: mwanamke mzima, amezaa, amelea, ana ufundi mkononi, na anakesha na swali kama akubali serikali nzima imkague ili tu gauni la harusi lisimsute.

"Wewe unaonaje?" akamuuliza Shaweji, maana sasa alifika mahali pa kuuliza.

Shaweji alikwangua rangi kwenye kucha. "Mimi nikikutazama sioni kilichoshuka," akasema. "Lakini si mimi ninayeyabeba. Ukitaka, nenda. Ila ule mti wao hauvuki kizingiti changu."

Siku ya tano akarudi kwa Mkeyenge. "Nakubali. Lakini kupima, nitapima mwenyewe. Mimi fundi, futi kamba ninayo. Nitawaletea namba kwenye karatasi, wao wale posho yao hotelini."

Mkeyenge aliona hakuna mjumbe atakayepinga utaratibu wa namna hiyo. Wakatia sahihi.

Uzinduzi ulifanyika kwenye kiwanja kitupu karibu na nyumba ya Somoe, kilichozungushiwa mabati marefu pande zote, kwa sababu za usalama. Mheshimiwa Kihulula alikata utepe uliofungwa kwenye bati. Hakuingia ndani, alisema ameshayaona.

"Nimeyaona kwa macho yangu haya mawili!" alisema, mkono kifuani. "Asubuhi na mapema, jua linayapiga! Nimesimama nikasema, Mungu ni fundi! Na ninakiri mbele yenu, ndugu wananchi, moyo wangu umelipenda zaidi la kushoto!"

Makofi. Shaweji, aliyekaa mstari wa mbele amevaa koti la kuazima, alikohoa mpaka akaletewa maji.

*

Siku ya kuinuliwa Somoe alifika hospitali na kanga mbili safi na woga mwingi. Hela ilikuwa imekwisha kuingia, risiti imegongwa mihuri mitatu. Nesi alimchukua damu na mkojo, akaondoka, akarudi anatembea polepole.

"Mama, leo hatukuinui."

"Kuna nini? Hela haikufika?"

"Hela imefika. Na mtu amefika." Akanyoosha kidole kuelekea jengo la pili, lile lenye akina mama wamekaa kwenye mabenchi wameshika madaftari ya kliniki. "Wewe ni wa kule. Wiki ya kumi na moja."

Somoe alikaa chini. Kwa wiki kadhaa alikuwa anailaumu sabuni kwamba imefanya sketi zake zinywee. Hata mchuuzi wa sabuni alimgombeza. Alihesabu kwa vidole: miezi ya tumbo iliyobaki, halafu miaka miwili kama alivyoelekezwa, halafu mwaka mmoja wa kupumua. Alifika karibu na mwisho wa mkono wa kwanza. Akatafuta kama moyoni kuna kilio, akakikuta kipo, kidogo, kimejikunja pembeni. Na juu yake kimeketi kicheko, kimenenepa, hakitaki kusogea.

"Milioni sita zangu?"

"Hazirudi," akasema nesi. "Zitakungoja. Maziwa yakikauka tena, njoo."

Mkeyenge alipopata habari alikaribia kulia kwa ajili yake mwenyewe. Robo mwaka ya kwanza ya mradi ilikuwa inakaribia kwisha, na ripoti ya mradi lazima ifike kwa Waziri. "Niandike nini, mama? Hayakuinuliwa!"

"Andika yamepanda."

"Yamepanda kweli?"

Somoe alitoa karatasi yenye namba, aliyopima asubuhi ile kwa futi kamba, juu ya blauzi, kwa uaminifu wa fundi. Mkeyenge akalinganisha na za mwanzo, alizopewa siku ya kutia sahihi. Yalikuwa yamepanda, yote mawili. Ilikuwa ripoti ya kwanza ya kweli kupita mezani kwake, akaisoma mara kadhaa kwa mashaka.

Jumapili, saa nne ya asubuhi, Somoe alikuwa anachambua mchele na Shaweji anakunywa chai yake ya maziwa mlangoni, redio dirishani, Mwajabu amekuja kuazima chujio na hajaondoka. Mheshimiwa Kihulula akaingia hewani.

"Ndugu wananchi! Wenye wivu walisema hayatajaa. Leo ninayo ripoti mkononi. Maziwa ya Somoe yamejaa! Yote mawili! Na niseme bila kujisifu, hayakujaa yenyewe. Yamejaa kwa jitihada zangu mimi binafsi, mchana na usiku, nikishirikiana kwa karibu na vijana wangu kumi na wawili wa Kamati ya Kina!"

Shaweji aliweka kikombe chini.

"Somoe."

"Abee."

"Umemsikia huyu?"

"Nimemsikia, mume wangu."

"Yeye binafsi."

"Ndivyo anavyosema."

"Na vijana kumi na wawili."

"Shemeji," akasema Mwajabu, "mshukuru Mungu boti hawakuzitumia."

Shaweji alisimama, akaingia ndani, akatoka amevaa lile koti, ambalo hajalirudisha, na kalamu sikioni. Alitaka kujua fomu ya mtu aliyenyang'anywa kazi yake inapatikana dirisha namba ngapi, na kama aliyefanya kazi peke yake anaruhusiwa kujaza bila mashahidi. Aliuliza huku amekasirika kweli kweli, nyusi zake za samawati zimekutana.

Somoe alitaka kumjibu. Alifungua mdomo, kicheko kikatangulia, ungo wa mchele ukateleza magotini, na ikambidi ayashike yote mawili kwa mikono, pole pole, maana yalikuwa yameanza kuuma.